Nani Aliyetema Msitu?

Watawala wengi wa kale hupenda kusimuliwa kwamba walitoka mbali. Masimulizi ya Kilwa yamleta mfalme kutoka Shiraz, akakinunua kisiwa kwa nguo. Ukoo wa Walashma, uliotawala dola ya Kiislamu ya Ifat katika Pembe ya Afrika tangu mwishoni mwa karne ya 13, ulinasibishwa na Makureshi. Sisi wa visiwani tumevizoea visa vya namna hii, na pengine ndiyo sababu hatuvihoji. Yafaa basi tuvitazame vinapotokea bara, huko Shinyanga na Geita, ambako hapakutia nanga jahazi lolote la baharini.

Huko nako mwanzilishi ni mgeni. Katika Uzinza, ambayo sehemu yake imo ndani ya Mkoa wa Geita wa leo, watawala walijinasibisha na Ruhinda wa Karagwe. Usukumani, masimulizi mengi yamtaja mwindaji aliyeingia nchini, akawagawia wenyeji nyama, nao wakamkubali awatawale. Kama fasihi, kisa hiki kina nguvu: tendo moja la kugawa latosha kueleza utii wa vizazi. Lakini jina la cheo lasema jambo jingine. Ntemi, kwa maelezo ya wengi, ni mwenye kutema, yaani kukata: kukata msitu ili nchi ilimwe, au kukata mashauri. Kisa chasifu ugeni. Neno lasifu kazi.

Pengo kubwa zaidi ni la wanawake. Katika tawala nyingi za Wasukuma mtemi hakurithiwa na mwanawe bali na mpwa wake, mtoto wa dada yake, na uteuzi ulikuwa mikononi mwa banang'oma, wakuu wa ikulu. Haki ya kutawala, kwa hiyo, ilipita kwa mama. Hata hivyo kisa cha asili chatusomea majina ya wanaume tu, mmoja baada ya mwingine, na msomaji asiyeonywa hudhani kila mmoja alimzaa anayemfuata. Zama za Waingereza desturi yenyewe iligeuka. Katika Usiha, Shinyanga, Makwaia alifuatiwa na mwanawe Kidaha, ambaye mwaka 1945 alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mapya haya yakasomwa kama kwamba ndiyo ya tangu hapo.

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini masimulizi yake hayakufutwa. Mwezi Septemba 2021, huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa jina la Chifu Hangaya. Anayeijua habari ya dada wa mtemi haoni ajabu mwanamke kutajwa mahali pale. Asiyeijua atadhani ni jambo la jana.

Neno ikulu, tunalolitumia hata Unguja, lilitoka katika nyua za watemi hao. Jina la nyumba tumelichukua, wenye nyumba tumewasahau nusu. Basi anayekwenda leo kuandika habari za wazee wa Shinyanga au Geita, akishaambiwa jina la mtemi na la aliyemtangulia, asifunge daftari. Aulize: na mama yake alikuwa nani?