Jina na Mahali: Nyaraka Mbili za Kubadili Anwani za Mtandao

Mwezi wa Februari 1996, Brian Carpenter na Yakov Rekhter walitoa waraka mfupi juu ya kazi ya kuzipa kompyuta za shirika anwani mpya. Anwani hizo ni nambari, na kila nambari yafanya kazi mbili: yaitambulisha kompyuta, tena yaonyesha mahali ilipo katika mtandao. Kwa hiyo shirika libadilipo mtoa huduma ya intaneti, huenda likalazimika kuzibadili zote.

Shauri la waandishi ni jema: majina yatumike badala ya nambari kila iwezekanapo, kwani ahamaye nyumba hubadili anwani, habadili jina. Lakini shauri hilo lamfaa aundaye programu mpya. Halimwokoi fundi aliyerithi nambari zilizoandikwa na watangulizi wake ndani ya programu na katika kanuni za ulinzi, pasipo kumbukumbu yoyote. Akisahau moja tu, huduma yaweza kukatika, na sababu isionekane upesi.

Mwaka 2010 Carpenter, pamoja na Randall Atkinson na Hannu Flinck, aliirudia mada hiyo kwa waraka mrefu zaidi, na nambari za namna hiyo zikapewa nafasi yake. Kichwa ni kile cha kwanza, ila limeongezwa neno moja lenye maana ya “bado”. Hakuna mhakiki awezaye kuupima waraka wa kwanza kwa ufupi kuliko neno hilo. Maana ugumu wa kuhama hauanzi siku ya kuhama. Huanza siku mahali palipoandikwa kana kwamba ni jina.