Hongera Wafunga Nzi

Hapa Kilosa, mvuvi wa mto Mkondoa huchomeka mnyoo kwenye ndoano, akamngoja kambale. Lakini kwa trauti, samaki wa maji baridi, chambo ni kingine. Walipelekwa kwenye mito ya Aberdare, Kenya, mwaka 1905, na huvuliwa kwa nzi wa bandia. Kazi ya kumfunga nzi huyo ndiyo ninayoipongeza. Ndoano hubanwa kwenye jiliwa dogo, uzi ukavutwa ukakaza bila kukatika, kisha unyoya wa shingo ya jogoo ukazungushwa mpaka nyuzi zake zisimame kama miguu ya mdudu. Unyoya huo ndio unaomfanya nzi aelee juu ya maji. Mafundi wa Kenya, wanawake wengi miongoni mwao, huwauza nzi hao hadi Uingereza na Marekani. Hongereni sana! Vijana wetu wa Mikumi, hapa hapa Kilosa, wangefundishwa ufundi huu, manyoya tunayo.