Nairobi hadi New York: saa 15 kwenda, 14 kurudi

Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018. Umbali kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili ni takriban kilomita 11,840, na Boeing 787 ikishatulia angani huenda kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa. Ukigawanya unapata saa 13 na dakika chache. Mbona basi ratiba husema saa 15 kwenda na 14 kurudi?

Tuanze na umbali wenyewe. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari wako utapita Burkina Faso. Lakini ukivuta uzi juu ya tufe mpaka ukaze, utapita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger na kusini mwa Algeria, kisha utoke Afrika kupitia Morocco, karibu na Marrakech. Juu ya Atlantiki uzi huo hupanda hadi latitudo 42, kaskazini kuliko New York yenyewe, ndipo ushuke. Kwa kufuata uzi badala ya rula, rubani huokoa kama kilomita 350.

Saa zinazobaki zinakwenda wapi? Sehemu huishia ardhini, ndege ikijivuta kuelekea njia ya kurukia, na sehemu katika kupanda, kushuka na kufuata njia za anga ambazo si nadra kupinda. Tofauti ya kwenda na kurudi, hiyo ni ya upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma. Tukichukulia njia ni ileile, tofauti ya saa moja ina maana ya upepo wa wastani wa kilomita 28 tu kwa saa. Unaonekana mdogo kwa sababu sehemu kubwa ya safari ni juu ya tropiki na Sahara, mbali na kitovu cha mkondo huo. London na New York, zenye umbali usiofika nusu ya huu, nazo hutofautiana kwa karibu saa nzima.

Kwangu mimi, kazi ngumu zaidi iko palepale Nairobi. Boeing huipa 787-8 uwezo wa kwenda kilomita 13,530, kwa hiyo mtu angedhani ziada ipo tele. Lakini uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi: mbawa hubeba kidogo, injini husukuma kidogo, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, husaidia. Hata hivyo, upepo wa mbele ukizidi, mafuta ya ziada huchukua nafasi ya mizigo au abiria. Ndiyo maana naiona safari ya kwenda kuwa mtihani mkubwa kuliko ya kurudi, kwani New York iko usawa wa bahari.

Ukikata tiketi, usijumlishe muda kwa saa za ukutani peke yake. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 7 wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa 8 wakati wa baridi.