Penzi na Njama: Usawiri wa Binti Mfalme Salme katika Riwaya ya Kihistoria kwa Jicho la Msomaji wa Usukumani

Makala haya yanahakiki namna riwaya ya kihistoria inavyomsawiri binti wa mfalme anayetafuta penzi katikati ya siasa za kasri. Mfano unaochunguzwa ni wa Sayyida Salme binti Said wa Unguja (1844–1924), ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete. Hoja kuu ni kwamba riwaya inapolikuza penzi lake na kuisukuma siasa pembeni, humpokonya binti huyo nafasi aliyojiwekea mwenyewe katika maandishi yake, yaani nafasi ya mtendaji katika historia ya nchi yake.

Salme alizaliwa katika kasri la Mtoni, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma. Kuandika alijifunza mwenyewe kwa siri. Baba yake alipofariki mwaka 1856, kiti cha Unguja kilishikwa na Majid. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alikula njama ya kumwondoa Majid. Salme, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, alivutwa upande wa Barghash na dada yake Khole, akawa mwandishi wa barua za wala njama. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikavunjwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Miaka saba baadaye, mwaka 1866, Salme alikuwa mjamzito kwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, ambako mwaka 1867 alibatizwa na kufunga ndoa. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, naye akabaki Ujerumani na watoto wadogo watatu.

Kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 zina mgawanyo wa kurasa unaostahili kuzingatiwa na mhakiki. Njama ya 1859 imepewa nafasi kubwa, pamoja na majuto yake ya kumgeuka kaka aliyemtendea wema. Penzi na Ruete limepita haraka, na mimba haikutajwa. Yawezekana kudai kwamba hiyo ni haya ya mwanamke aliyelelewa katika kasri la Kiislamu. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshelezi. Kumsaliti kaka nako kulikuwa aibu, na bado aliieleza kwa kirefu. Kwa hiyo ukimya wake kuhusu penzi, ukilinganishwa na ufasaha wake kuhusu njama, unaonesha alivyotaka kukumbukwa.

Riwaya za baadaye zimekwenda njia nyingine. Trade Wind ya M. M. Kaye (1963) inaitumia Unguja ya 1859, lakini mhusika mkuu ni mwanamke wa Kimarekani kutoka Boston, huku mabinti wa Seyyid Said wakibaki pembeni. Sterne über Sansibar ya Nicole C. Vosseler (2010) inamweka Salme katikati, ila kivutio chake kikuu kwa msomaji ni mapenzi yake na Mjerumani. Katika usawiri wa aina hii kasri huwa kama gereza, mpenzi wa kigeni huwa mlango wa kutokea, na siasa huwa kikwazo cha wapendanao.

Msomaji wa Ipililo, mkoani Simiyu, ana sababu ya kuutilia shaka usawiri huo. Katika Usukuma wa zamani, kabla ya mabadiliko ya zama za ukoloni, mtemi kwa kawaida hakurithiwa na mwanawe. Alirithiwa na mtoto wa dada yake. Mwanamke wa ukoo wa kitemi alibeba utemi tumboni. Katika mazingira hayo, swali la nani anampenda binti huyo lilikuwa pia swali la nani atazaa mtemi. Unguja ilikuwa tofauti: mtoto wa Salme asingerithi kiti. Hata hivyo, mimba yake iligusa heshima ya ukoo unaotawala, dini ya dola na uhusiano wa Sultani na wafanyabiashara wa Ulaya. Mifumo miwili ya urithi iliyo mbali hivyo inakutana katika jambo moja: penzi la binti mfalme ni suala la baraza tangu siku ya kwanza.

Mkondo wa historia unathibitisha hoja hiyo. Baada ya kubadili dini, Salme alinyimwa urithi wa ndugu zake waliofariki. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli ya Kijerumani kuudai, wakati manowari za Ujerumani zikimshinikiza Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, akubali madai ya Wajerumani barani. Barghash alikataa kuonana naye. Dai la mjane likawa karata mikononi mwa Bismarck. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilichora mpaka uliofika Ziwa Nyanza, na Usukuma ukaachwa upande wa Ujerumani. Riwaya inayokomea kwenye harusi ya Aden inamficha msomaji wa bara sehemu ya kisa inayomhusu yeye mwenyewe.

Hivyo basi, mwandishi wa Kiswahili atakayekishughulikia kisa hiki hana haja ya kulifuta penzi. Salme alipenda, na alilipia gharama ya kupenda kwake. Kinachohitajika ni msuko unaomwonesha msichana aliyeshika kalamu ya njama na mwanamke aliyepanda manowari kuwa mtu yuleyule, mwenye uwezo wa kuamua, kukosea na kudai haki yake. Usawiri huo utampa msomaji binti mfalme aliye karibu zaidi na yule aliyejiandika mwenyewe.