Sauti ya Shahidi na Kalamu ya Wakili wa Mbali: Tahakiki ya Lugha katika Mashauri ya Migodi

Tahakiki hii inahusu hati ambayo wahakiki wa Kiswahili hawajazoea kuiita matini: maelezo ya shahidi yanayoandaliwa kwa ajili ya mahakama, hususani pale kazi ya kuyaandaa inapokabidhiwa mawakili wa nchi nyingine. Tuanzie Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaofika hadi Geita. Mkazi wa kata hii anayedai fidia ya ardhi huzungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili mbele ya mtendaji wa kata. Akifika Mahakama Kuu, kwa miaka mingi maneno yake yaliandikwa katika kumbukumbu kwa Kiingereza.

Wanaopinga kazi ya sheria kupelekwa ng'ambo hutaja uhuru wa nchi. Hoja yao imo katika Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mamlaka ya Nchi kuhusiana na Umiliki wa Maliasili ya mwaka 2017, kinachotaka migogoro ya maliasili iamuliwe na vyombo vilivyoundwa nchini. Kifungu hicho kinanena kishujaa, lakini hakisemi neno juu ya lugha atakayosikilizwa mlalamikaji. Wala mlango haukufungika. Julai 2023, baraza la usuluhishi chini ya kituo cha Benki ya Dunia cha Washington liliiamuru Tanzania iwalipe wawekezaji wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill zaidi ya dola milioni 109, kwa kutegemea mkataba wa uwekezaji baina yake na Uingereza. Mwekezaji ana mkataba wa kumbeba; mwanakijiji hana.

Mwanakijiji alifika London kwa njia nyingine. Mwaka 2013 wakazi wa jirani na mgodi wa North Mara, wakiwakilishwa na mawakili wa Leigh Day, walifungua shauri la madai ya vifo na majeraha dhidi ya African Barrick Gold, kampuni iliyokuwa pia na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mwaka 2015 shauri lilimalizwa kwa mapatano, na kiini cha madai hakikuandikiwa hukumu. Siwalaumu walioafiki, mjane hawezi kula nukuu za hukumu. Hata hivyo, wakili wa Shinyanga hakuachiwa chochote cha kurejelea.

Hapa ndipo kinaya kinapojitokeza. Tangu Aprili 2020, kanuni za mashauri ya madai za Uingereza zinaagiza maelezo ya shahidi yaandikwe katika lugha yake mwenyewe, kisha ndipo yatafsiriwe. Kwa kanuni hiyo, Msukuma angesomeka kwa Kisukuma huko London wakati ambapo, nyumbani, jaji aliyemsikia kwa Kiswahili alikuwa akiandika Kiingereza. Kazi yetu ya sheria ilikwisha kuhamia ng'ambo kabla wakili yeyote hajapanda ndege.

Chukua neno moja, ngitili. Kwa Wasukuma ni eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Liko la kaya na liko la jumuiya, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliyafufua mengi. Mfasiri akiandika "malisho", mwenye eneo na msimu wake wametoweka. Akiandika "ardhi isiyolimwa", fidia nayo imetoweka. Mwanasheria wa London hawezi kugundua kosa hilo kwa akili yake tu. Lakini hata aliyezaliwa Kahama, akiandika hati kwa Kiingereza cha shule, huenda asiligundue.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, yakaacha nafasi ya Kiingereza pale maslahi ya haki yanapodai. Ni hatua kubwa, ingawa mazoea ya kalamu hayabadilishwi na Bunge kwa siku moja. Tazama hati ya kiapo ya Kiswahili: "Mimi, mtu mzima, mkazi wa Ibadakuli, naapa na kusema kama ifuatavyo." Hakuna mtu mzima yeyote Ibadakuli azungumzaye hivyo. Ni Kiingereza cha wakili kilichovaa kanzu, na aya zinazofuata huja zimepewa namba kabla shahidi hajafungua kinywa. Nikisoma hati za namna hii, swali langu la kwanza ni nani aliyechagua neno lililowekwa mahali pa ngitili, na kama shahidi alisomewa neno hilo kabla ya kutia dole gumba.