Kupima Bendi Katika Wikendi ya Jazi ya Jadi

Wikendi ya jazi ya jadi ni mapumziko ya siku mbili au tatu hotelini, kwa kawaida kuanzia Ijumaa jioni, ambapo malipo ya chumba hujumuisha chakula na muziki wa bendi kadhaa. Uingereza mapumziko haya yana wapenzi wa muda mrefu, hasa katika miji ya pwani ambayo hoteli zake hukosa wageni kiangazi kikiisha. Wengi wao waliupenda muziki huo ulipotamba nchini humo kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa ile ya 1960, enzi za viongozi wa bendi Chris Barber, Kenny Ball na Acker Bilk. Muziki wenyewe ni wa New Orleans, na kipimo chake cha msingi bado ni santuri ambazo bendi ya King Oliver ilirekodi mwaka 1923, nyingine mjini Richmond, Indiana.

Ubora hujulikana kwanza katika vyombo vitatu vya mbele. Tarumbeta au koneti hubeba wimbo bila kuupamba mno. Klarineti hupita juu yake kwa sauti nyingi nyepesi. Tromboni hukaa chini, hujaza nafasi tarumbeta inapovuta pumzi, na huburuta sauti kuupeleka wimbo kwenye hatua inayofuata. Wote watatu hubuni papo hapo, kwa wakati mmoja. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu: ndivyo magitaa yanavyosokotana bila kukanyagana. Njia nzuri ya kupima ni kuifuata klarineti peke yake kwa mzunguko mzima wa wimbo. Ikiwa inarudia tu anachopiga mwenye tarumbeta, au inashindana naye kwenye sauti zilezile, bendi hiyo ni dhaifu hata kama ukumbi unashangilia.

Dalili mbaya iliyozoeleka ni foleni. Bendi hupiga wimbo mara moja kwa pamoja, kisha kila mmoja husimama kwa zamu yake, hadi besi na ngoma, makofi yakipigwa kila mara, na mwishoni wote hukutana tena. Kupiga peke yake si kosa. Louis Armstrong aliinua sana sanaa hiyo kwa rekodi zake za kuanzia 1925. Lakini nyimbo zote zikifuata foleni ileile, huenda wapigaji wamekusanywa siku hiyohiyo na bado hawajazoeana. Miaka miwili kabla ya rekodi hizo, Armstrong alikuwa koneti ya pili kwa Oliver. Vyombo vingine viliponyamaza kwa mapigo machache, koneti hizo mbili ziliibuka na kipande kimoja chenye sauti mbili zilizopatana, kana kwamba kichwa kilikuwa kimoja. Kuzoeana namna hiyo ndiko kunakotafutwa.

Nyuma kuna banjo, piano, besi au susafoni, na ngoma. Kazi yao ni mwendo: usikimbie wapigaji wanapochangamka, wala usilegee katika bluzi ya taratibu, ambayo ni mtihani mgumu kuliko wimbo wowote wa haraka. Ngoma zina mtego wake. Katika santuri za 1923 mpiga ngoma wa Oliver, Baby Dodds, husikika zaidi kwenye vipande vya mbao, kwa kuwa mitambo ya wakati ule haikuhimili ngoma kubwa. Mpiga ngoma wa leo anayegonga mbao usiku kucha anaiga upungufu wa mashine. Sauti ya chini nayo ni ishara ya ustadi: bendi nzuri huweza kushuka hadi nyayo za wachezaji zikasikika sakafuni, na mdundo ukabaki na nguvu ileile.

Waingereza wengi walijifunza haya kupitia mpiga tarumbeta Ken Colyer, aliyefanya kazi melini ili afike New Orleans mwaka 1952, akapiga na wazee wa huko, kisha mwaka 1957 akazunguka Uingereza na mpiga klarineti George Lewis. Bendi zinazofuata njia yake huthamini upigaji wa pamoja, na mara nyingi huwa na hazina pana: nyimbo za gwaride, ragtime, nyimbo za kanisani, bluzi. Bendi inayotegemea “When the Saints Go Marching In” kila usiku haina akiba.

Hoteli yenyewe huhesabika pia. Ukumbi wa dansi wenye sakafu ya mbao hurudisha sauti. Zulia nene na dari ya chini huimeza, na hapo mafundi mitambo huongeza vipaza sauti hadi mseto wa vyombo upotee. Ratiba inayoipa bendi moja jioni nzima ni bora kuliko inayobadilisha bendi kila nusu saa, kwa sababu wapigaji huhitaji muda wa kupashana moto. Kabla ya kulipa, mgeni aulize majina ya wapigaji wenyewe, maana jina la bendi huweza kubaki lilelile huku watu wake wakibadilika, na aombe chumba kisichopakana na ukumbi.