Saa za Mutoshi: Uhakiki wa Kiswahili cha Majira katika Programu za Kompyuta

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kusoma riwaya, tamthilia na tenzi. Ni mara chache tunapoyasoma majedwali ya kompyuta, ilhali nayo yana waandishi wake, wasomaji wake na msimamo wake juu ya lugha. Makala haya yanahakiki maneno ambayo kwayo programu za kompyuta humweleza msemaji wa Kiswahili ni saa ngapi mahali alipo. Mahali tulipopachagua ni Mutoshi, mgodi wa shaba ulio karibu na Kolwezi katika jimbo la Lualaba, ambao zamani uliitwa Ruwe. Tumepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina saa rasmi mbili, jambo ambalo huzitahini programu. Pili, Kiswahili cha huko kimekulia migodini, ambako saa ilikuwa amri kabla ya kuwa kipimo.

2. Jinsi programu inavyoijua saa ya mahali

Kwa kawaida kompyuta huhesabu sekunde kwa saa moja ya ulimwengu mzima, yaani UTC. Saa inayoonekana kwenye kioo hupatikana kwa kuongeza au kupunguza tofauti iliyowekwa kwa mahali fulani. Kinshasa huongeza saa moja. Lubumbashi na Kolwezi huongeza saa mbili. Tofauti hizo zimeandikwa katika hazina ya data iliyoanzishwa na Mmarekani Arthur David Olson, ambayo tangu mwaka 2011 imehifadhiwa chini ya IANA. Humo kila eneo hutajwa kwa bara na mji. Kongo imepewa miji miwili: Africa/Kinshasa kwa upande wa magharibi na Africa/Lubumbashi kwa upande wa mashariki.

Hata hivyo, jina la Lubumbashi humo ni kama mlango tu. Kanuni ya hazina hiyo ni kwamba miji ambayo saa zake zimelingana tangu mwaka 1970 yaweza kutumia kumbukumbu moja. Kwa hiyo Lubumbashi huelekezwa Maputo, pamoja na Lusaka, Harare, Kigali na Bujumbura; Kinshasa nayo huelekezwa Lagos. Katika orodha ya Windows hata mlango huo haupo: mtumiaji wa Kolwezi hutakiwa kuchagua mstari usemao Harare na Pretoria.

Simu ya mkononi hufuata njia nyingine. Mtandao waweza kuipelekea saa pamoja na tofauti yake na UTC. Usipofanya hivyo, simu hubakiwa na namba ya nchi peke yake. Kwa Tanzania au Kenya namba hiyo yatosha, maana nchi ni ya saa moja. Kwa Kongo haitoshi hata kidogo: programu itakayochagua mji mkuu kwa mazoea itamrudisha mtu wa Mutoshi nyuma kwa saa nzima. Mfanyakazi anayeingia zamu kwa kuitegemea simu hiyo atafika wenzake wakiwa wamekwisha kuanza kazi.

3. Jina la saa

Tukiacha hesabu tukaingia katika lugha, tunakutana na CLDR, mkusanyo wa data za lugha unaosimamiwa na Unicode Consortium na kutumiwa na simu na kompyuta nyingi. Kwa Kiswahili, saa ya Kolwezi huitwa humo Saa za Afrika ya Kati, na ya Kinshasa Saa za Afrika Magharibi.

Wapo watakaouliza kwa nini watafsiri hawakutumia neno majira, ambalo wasikilizaji wa redio wamelizoea. Katika hili tunawatetea watafsiri. Majira yana maana pia ya vipindi vya mwaka, na nchi za Ulaya hubadili saa zao wakati wa kiangazi. Wangelazimika kuandika "majira ya majira ya joto", maneno ambayo hakuna sikio lingeyavumilia. "Saa za" ni chaguo la busara.

Kasoro iko katika neno Kati. Kwa Mkongomani aliyesomeshwa kwa Kifaransa, Afrika ya Kati ni ukanda wa nchi ambamo Kinshasa yenyewe imo. Sasa anaambiwa kwamba mji mkuu wake uko katika saa za Magharibi, na kwamba Maputo, mji wa pwani ya Bahari ya Hindi, uko katika saa za Kati. Jina limefasiriwa sawasawa kutoka Kiingereza, lakini halimwelekezi msomaji popote. Jina "Saa za Lubumbashi" lingeeleweka na kila mtu wa Lualaba.

4. Kiswahili cha nani?

Suala zito zaidi ni la lahaja. Hapo awali CLDR ilikuwa na faili la pekee la Kiswahili cha Kongo. Ndani yake miezi ilihesabiwa kuanzia "mwezi ya kwanja", na asubuhi iliandikwa "ya asubuyi"; nayo Jumamosi, katika mazungumzo ya wasemaji, huitwa "siku ya posho". Msomaji wa Dar es Salaam aweza kuyaona haya kuwa makosa ya upatanisho na tahajia. Sisi tunayaona kuwa ushahidi. Posho ulikuwa mgao wa chakula aliopewa mfanyakazi katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambayo migodi yake ilitaifishwa mwaka 1967 na kuzaa Gécamines. Kampuni ilipogawa chakula, iligawa pia juma. Siku moja ya kalenda ikabaki na alama ya ghala la kambi.

Baadaye faili hilo liliacha kujitegemea, likawekwa chini ya Kiswahili sanifu kama tawi la nchi. Faida yake haikanushiki: mtumiaji wa Kolwezi hupata moja kwa moja kila neno linaloongezwa na watafsiri wa Kenya na Tanzania. Hasara yake ni kwamba panapokosekana neno la Kongo, la pwani hujaza pengo kimyakimya, na hakuna anayeulizwa.

Isitoshe, hicho Kiswahili sanifu chenyewe hakijakubaliana na nafsi yake. Adhuhuri kimeiita "saa sita za mchana" na kati ya usiku "saa sita za usiku", kwa hesabu yetu ya tangu mapambazuko. Lakini tarakimu zinazoambatana na maneno hayo ni 12:00. Maneno yanafuata jua, namba zinafuata Greenwich. Kama msemaji wa Lualaba anataka hesabu ya pwani au ile ya Kifaransa, faili halimpi nafasi ya kujibu.

Na jua lenyewe lina hesabu yake. Kolwezi iko karibu na nyuzi 25 na nusu za mashariki, ilhali saa yake rasmi ni ya nyuzi 30. Kwa wastani jua huwa utosini saa sita na dakika 18 hivi. Tofauti hiyo si kosa la programu. Ni bei ya kuafikiana na majirani. Tunaitaja ili ieleweke kwamba kila saa rasmi ni makubaliano ya watu, na makubaliano yana haki ya kujadiliwa na wahusika.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba programu humfikisha mtu wa Mutoshi kwenye saa sahihi kwa kupitia Maputo au Pretoria, na kwenye Kiswahili sahihi kwa kupitia Dar es Salaam na Nairobi. Katika hesabu njia hiyo haidhuru, mradi jibu ni saa mbili. Katika lugha inadhuru, kwa kuwa kinachopotea njiani ni historia ya wasemaji. Data za CLDR hupokea mapendekezo ya watu wa nje, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanaisimu wanaokijua Kiswahili hicho. Kazi ya kwanza iwe ndogo: majina ya saa, siku na sehemu za siku, yakusanywe Kolwezi na Lubumbashi kutoka kwa wasemaji wenyewe, kisha yapelekwe. Kama "siku ya posho" itastahili kuingia au kuachwa, uamuzi huo ni wao.